Fungua Kava Kabla ya Kufungua Pochi

Asubuhi moja ya Julai mwaka jana, kompyuta yangu ya mezani iliamka ikiamini kwamba ni Januari mosi, 2012. Haikuniambia hivyo waziwazi. Ilikataa tu kufungua tovuti ya benki, ikakataa barua pepe, ikakataa hata magazeti, na kila nilikogusa ikaniletea onyo lilelile kwamba tovuti si salama. Nikazima, nikawasha. Nikachomoa waya wa ruta nikauchomeka tena, maana sisi watu wa rika langu tunaamini hakuna ugonjwa wa umeme usioponywa kwa kuchomoa na kuchomeka. Wapi!

Mpwa wangu, mwenye steshenari yake Sinza na ndiye mtaalamu wa ukoo kwa mambo haya, alicheka simuni. "Mjomba, hiyo mashine ipeleke makumbusho. Nunua mpya, upumzike."

Fundi wa kwanza kuja aliligusa kava kwa vidole viwili kama mtu anayepima homa ya mtoto, akatangaza kwamba mazabodi imekwisha. Kwa bahati njema alikuwa na mashine nyingine ya kuniuzia. Fundi wa pili, kijana asiye na duka ila begi la mgongoni, hakutangaza kitu. Aliomba bisibisi, akafungua ubavu wa kava, akapuliza vumbi la miaka, kisha akachokonoa betri bapa ya duara, ukubwa wa sarafu, iliyoandikwa CR2032. Akaweka nyingine. Shilingi elfu mbili. Tulipoisahihisha saa, benki ikafunguka.

Alinieleza huku akifunga skrubu. Betri ile ndiyo inayotunza saa ya kompyuta wakati umeme umekatwa. Ikifa, saa hurudi kwenye tarehe iliyowekwa kiwandani. Nazo tovuti siku hizi zina vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine inayodhani iko 2012 inakiona cheti cha 2025 kama hati ya mtu ambaye hajazaliwa. "Watu watakwambia imezeeka, mzee," alisema, "kumbe imesahau tarehe tu."

Nimekuwa nikiikumbuka kauli hiyo kila ninapoulizwa, na siku hizi naulizwa mara nyingi, kama wakati wa kubadilisha kompyuta umefika. Waswahili tuna methali mbili zinazogombana juu ya jambo hili. Moja inatuonya tusiache mbachao kwa msala upitao: mkeka wako uliochakaa ni wako, ule mpya unaopita una mwenyewe. Nyingine inatusema tulivyo: kipya kinyemi ingawa kidonda. Wauza kompyuta wanaishi kwa hiyo ya pili, wala siwalaumu, ni biashara. Mimi moyo wangu uko kwenye mbacha, lakini nakiri wapo wanaoung'ang'ania hadi zikabaki kamba, wakaita ukaidi wao uchumi. Ninachokipinga ni lile swali ambalo pande zote mbili huanza nalo: ina miaka mingapi?

Kompyuta ya mezani haina umri mmoja. Yangu ina kava, mazabodi na prosesa za 2012. RAM niliongeza 2016. Diski ni ya 2019. Pawa saplai ni ya 2021, baada ya ile ya awali kuungua jioni ambayo umeme ulirudi kwa kishindo. Monita hii ni ya tatu, kibodi sikumbuki ni ya ngapi. Ni kama jahazi: ubao huu umebadilishwa, ule umebadilishwa, tanga ni jipya, na nahodha bado analiita kwa jina lilelile la baba yake. Ukiniambia mashine imechoka, nitakuuliza: ubao gani?

Na mara nyingi sana, mara nyingi kuliko mafundi wa mfano wa yule wa kwanza wanavyopenda kukiri, ubao uliochoka ni diski.

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo pesa za watu wengi zinapopotelea. Ndani ya diski ya zamani kuna sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 7,200 kwa dakika, sawa na mizunguko 120 kwa sekunde. Juu yake kuna kichwa kinachosogea huku na huku kutafuta data. Kila ombi jipya linamaanisha kichwa kisogee, kisha kingoje sahani ilete mahali panapotakiwa. Kusogea na kungoja huko huchukua kama milisekunde kumi na kidogo. Zinaonekana si kitu, mpaka ukumbuke kwamba Windows ikiwaka inaomba vipande vidogovidogo kwa maelfu, na diski ya namna hiyo haiwezi kujibu zaidi ya maombi mia moja hivi kwa sekunde yakiwa yametawanyika. SSD, diski ya siku hizi, haina kinachozunguka. Ombi moja hujibiwa kwa sehemu ya kumi ya milisekunde, au chini ya hapo.

Waliowahi kufuatilia faili katika ofisi za zamani watanielewa haraka. Bosi anaweza kuwa na akili kama wembe, lakini kama kila karatasi lazima karani ainuke, avuke ukumbi, aingie masjala, apande ngazi, ateremke na kurudi, bosi atakuwa amekaa tu akitazama dirishani. Prosesa yako ya 2012 ndiyo huyo bosi. Inatazama dirishani. Ukimfukuza bosi ukaleta kijana mpya ukaiacha masjala ileile, foleni mlangoni haitapungua hata mtu mmoja.

Kulijua hili huhitaji fundi. Mashine ikianza kuganda, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha tazama safu zinazoonyesha kila kifaa kinafanya kazi kwa asilimia ngapi. Ukiona diski imeng'ang'ania 100 wakati prosesa iko 8 au 15, umempata mgonjwa. Mimi nilipobadilisha yangu mwaka 2019, muda wa kuwasha ulishuka kutoka dakika nne na ushee hadi chini ya nusu dakika. SSD iliingia kwenye nyaya zilezile za SATA zilizokuwa zimeshika diski ya zamani. Mke wangu, asiyejua wala kujali nini kimebadilika, aliuliza kama nimenunua kompyuta nyingine.

Baada ya diski huja RAM, na hapa kuna mtego. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, aliuziwa RAM ya kuongezea ili afike GB 8, akalipa, akaondoka na furaha. Mashine haikubadilika hata chembe. Windows aliyokuwa amepigiwa ilikuwa ya biti 32, ambayo haivuki GB 4 hata ukiijazia kava zima. Alikuwa amenunua ghorofa la pili kwenye nyumba isiyo na ngazi. Dawa ilikuwa kupiga upya Windows ya biti 64, kazi ya mchana mmoja. Tena RAM za DDR3 haziingii kwenye nafasi ya DDR4, pengo lake limekatwa mahali tofauti makusudi. Usimruhusu mtu ailazimishe kwa kidole gumba.

Msomaji aliyekuwa na kompyuta miaka ya tisini atasema nawadanganya watu, na ana sababu. Wakati ule mashine ya miaka mitatu ilikuwa kweli kikongwe. Gordon Moore, mmoja wa waanzilishi wa Intel, aliandika mwaka 1965, akarekebisha mwaka 1975, kwamba idadi ya transista kwenye kipande kimoja inaongezeka maradufu kila baada ya miaka miwili hivi, na kwa muda mrefu ongezeko hilo lilikwenda sambamba na kasi. Kisha joto likaziba njia. Pentium 4 ilifika GHz 3.8 mwaka 2004, na tangu hapo mapigo ya prosesa yamepanda kwa kusuasua. Za leo hufanya mengi zaidi kwa kila pigo na zina viini vingi zaidi, hilo halina ubishi. Anayehariri video au kuchora majengo ataiona tofauti hiyo ndani ya saa moja. Anayeandika barua, kupiga hesabu za duka na kusoma magazeti hataiona. Prosesa yangu inapiga GHz 3.4 na mimi naandika maneno arobaini kwa dakika nikiwa nimekunywa chai. Anayemchelewesha mwenzake hapa anajulikana.

Hadi hapo mbacha unashinda. Lakini kuna kifo kingine ambacho hakitoki ndani ya kava.

Tarehe 14 Oktoba, 2025, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, iliyokuwa imetoka Julai 2015. Mashine hazikuzimika siku hiyo, kama baadhi ya watu walivyoogopeshwa. Kilichokoma ni marekebisho ya usalama ya kila mwezi. Mrithi wake, Windows 11, ana masharti: anataka kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na orodha rasmi ya prosesa za Intel inaanzia, ukiondoa chache, kizazi cha nane, kilichoanza kuuzwa 2017. Yangu ni ya kizazi cha tatu. Kwa hiyo mashine nzima, yenye SSD na RAM ya kutosha na betri mpya ya saa, ilitangazwa marehemu kutoka Redmond, Marekani, ikiwa inapumua vizuri chini ya meza yangu Dar es Salaam.

Sipendi jambo hilo na sitajifanya nalipenda. Ni sawa na fundi cherehani aliyekushonea suti kukuandikia barua kwamba kuanzia mwezi ujao hashoni tena vifungo vya kitambaa chako. Hata hivyo kuna ujinga wa upande wa pili, nao ni kusema "mbona inawaka?" na kuendelea kama kawaida. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150, hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi na upasuaji. Dawa yake ilikuwa imetolewa na Microsoft tangu Machi mwaka huo. Na mashine nyingi zilizonaswa hazikuwa zile kongwe za Windows XP. Zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati huo bado ilikuwa inahudumiwa. Wenyewe hawakuwa wameiweka dawa. Umri haukuwa na hatia pale. Uzembe ndio uliokuwa nayo, na mashine isiyoletewa tena dawa huwaweka hata wasio wazembe katika fungu la wazembe.

(Naona aibu kuliandika hili katika nchi ambayo Windows za krak ni kawaida kama chumvi mezani. Aliyepigiwa Windows ya krak, huku programu ya kuivunja leseni ikiwa imepewa ruhusa zote, na antivairasi ikazimwa "isisumbue", alishaacha mlango wazi kabla Oktoba haijafika. Huyo suala la tarehe limhangaishe baadaye.)

Njia zipo. Microsoft ilifungua mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani, unaoleta marekebisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba, 2026. Unalipia dola 30, au unaupata bila malipo ukikubali kuhifadhi mipangilio ya mashine kwenye akaunti yao. Mashine yangu ilikuja na stika ya Windows 7 halali na nikapanda bure kwenda 10 katika ule mwaka wa kwanza wa ofa, kwa hiyo nilijiandikisha bila kutoa senti. Njia ya pili ni ujanja wa mafundi wanaoipiga Windows 11 kwa kuruka masharti. Inawezekana, nimeiona. Lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine ya namna hiyo haina haki ya kupewa marekebisho, na mimi siwezi kuijenga biashara yangu juu ya ahadi ambayo mwenyewe ameikana kabla.

Njia ya tatu ni Linux, ambayo huku kwetu hutajwa kama dawa ya kienyeji: kila mtu ana binamu iliyemponya. Unaiweka kwenye flashi, unawasha mashine kutoka kwenye flashi hiyo, unaijaribu siku nzima bila kufuta kitu. Na kama ni lugha inayokutisha, kumbuka kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki, kupitia mradi wa Kilinux, kutoa programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004. Hatukuanza jana. LibreOffice ya leo ni mtoto wa programu hiyohiyo ya OpenOffice. Kwa mwandishi, mwanafunzi, au mzee anayesoma habari na kuongea na wajukuu, Linux inatosha na inabaki. Kwa ofisi yenye programu ya uhasibu inayotaka Windows peke yake haitoshi, na anayekuambia vinginevyo hatakuwepo siku ya kufunga hesabu.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu, aliyetaka kunipeleka makumbusho.

Nilimtembelea Sinza mwezi mmoja baada ya kisa cha betri, nikakuta kompyuta ya steshenari yake ina prosesa ya kizazi cha pili, kongwe kuliko yangu. SSD alikuwa ameweka, RAM GB 8. Nikamcheka kwa zamu yangu. Lakini nilipokaa pale saa mbili nikaacha kucheka. Mwanafunzi analeta faili la PDF la kurasa 140, limeskaniwa kwa rangi. Mashine inalitafuna. Nyuma yake yuko anayetaka kujaza fomu mtandaoni, na nyuma yake mama anayetaka kopi ya kitambulisho tu, ambayo kwa kweli ilikuwa kazi ya sekunde kumi lakini skana nayo imeunganishwa na mashine ileile. Mama alitazama saa, akavuka barabara, akaingia duka la pili.

Nikamwambia: chukua daftari, wiki moja tu, kila mteja anayeondoka kwa sababu ya kungoja, chora kijiti. Usiandike hasira zako, andika vijiti. Jumamosi alikuwa na vijiti 11, viwili kati yake ni vya wanafunzi waliokuja kuchapa na kujalidi ripoti za utafiti. Hapo hapakuwa na mjadala wa methali. Mashine ile ilikuwa inakula zaidi ya bei ya mashine nyingine kila baada ya miezi michache, na haikutuma risiti.

Halafu zipo flashi. Kila siku watu asiowajua wanachomeka flashi zao kwenye mashine yake, kila flashi imelala kwenye kompyuta nyingine tatu kabla ya kufika pale. Kwa mashine hiyo marekebisho ya usalama hayakuwa anasa. Mimi nikipata kirusi nitapoteza makala zangu na heshima kidogo. Yeye angesambaza kwa nusu ya mtaa na kupoteza jina la duka.

Kwa hiyo mimi, mtetezi wa mbacha, ndiye niliyempeleka Kariakoo. Tulikwenda asubuhi kabla ya jua kali. Mzigo wa Dubai ulikuwa umeingia, ule wa kompyuta za ofisi zilizostaafishwa ng'ambo zikiwa bado na alama za stika zilizobanduliwa. Kijana wa duka la kwanza alimpokea kwa bashasha: "Karibu dada, hii ni Core i7, chuma hiki!" Nikamwomba atuonyeshe namba kamili. Ilikuwa i7-2600. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayotaja kizazi: hiyo ni ya pili, ya mwaka 2011. Pembeni, kwa bei ya chini, kulikuwa na i3-8100 ambayo hakuisifu hata kidogo. Hiyo ya kizazi cha nane huipita ile i7 katika kazi nyingi za kawaida, inakula umeme kidogo, na imo kwenye orodha ya Windows 11. Herufi na namba ile kubwa mbele ni cheo. Kizazi ndicho umri. Siku utakapokwenda, soma tarakimu hiyo kabla hujausikiliza mdomo wa muuzaji. Ikiwa namba ina tarakimu tano, kama 10400, kizazi ni zile mbili za mwanzo.

Mwishowe alichukua i5-8500 ya mtumba, viini sita, kwa shilingi 520,000. Monita, kibodi, kipanya na UPS vikabaki vilevile. Alikuwa na hamu ya mashine mpya ya dukani yenye taa za rangi zinazowakawaka ndani. Nikamuuliza ripoti za wanafunzi zitachapika kwa rangi hizo au vipi. Ilikuwa kabla ya bei kubadilika. Mwishoni mwa 2025 RAM zilipanda bei duniani kote, viwanda vikielekeza nguvu kwenye vituo vya data vya akili unde, na Desemba kampuni ya Micron ikatangaza kuachana na chapa yake ya Crucial, iliyokuwa ikiwauzia watu wa kawaida kama sisi. Zamani kungoja kulikuwa na faida, kila mwezi bei ilishuka. Kanuni hiyo siiamini tena kwa macho yaliyofumbwa.

Kabla hatujaondoka muuzaji alijaribu hoja ya umeme: mashine mpya ndogo itakulipa yenyewe kwenye LUKU. Nimeipigia hesabu hoja hiyo kwa ajili yangu. Mashine yangu na monita yake hula kama wati 80. Saa kumi kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ni uniti 240. Kwa kadiri ya shilingi 350 kwa uniti ni shilingi 84,000. Mashine ndogo ya kisasa na monita, tuseme wati 35, ni uniti 105, kama shilingi 37,000. Ninaokoa elfu arobaini na saba kwa mwaka. Kwa mashine ya laki tano, pesa yangu itarudi baada ya zaidi ya miaka kumi, na hapo nitakuwa nauliza swali hilihili juu ya hiyo mpya. Umeme ni sababu nzuri ya kuzima kompyuta usiku. Lakini kama mtaani kwako umeme unakatika mara kwa mara na kazi inapotea, hiyo ni sababu ya kweli ya kwenda kwenye laptopu, hata kama ya mezani ina kasi ya mshale.

Wapo watakaosema nunua mpya kwa ajili ya mazingira. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa kilitoa utafiti ulioonyesha kwamba kutengeneza kompyuta moja ya mezani na monita yake, ile ya kioo kinene ya wakati huo, kulihitaji angalau kilo 240 za makaa, mafuta na gesi, kilo 22 za kemikali na kilo 1,500 za maji. Vyote hivyo huisha kabla hujaitoa kwenye boksi. Na mwisho wa safari, takwimu za Umoja wa Mataifa zinasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Mengine msomaji ameyaona mwenyewe: kava lililotupwa nyuma ya gereji, waya umechomwa ili shaba itoke, watoto wanapita. Mashine ya zamani ya mpwa wangu haikutupwa. Diski yake tuliifuta kabisa, maana ilikuwa na skani za vitambulisho vya nusu ya Sinza, tukaiweka Linux, na sasa iko kwa yule mwalimu mstaafu mwenye ghorofa lisilo na ngazi. Anasoma magazeti na kucheza karata.

Basi, msomaji unayetazama kompyuta yako Jumamosi hii kwa jicho la talaka: kwanza nakili mafaili yako mahali pengine, leo, kabla ya kuamua lolote, maana diski haitoi notisi. Kisha zima, chomoa waya ukutani, tafuta bisibisi ya nyota na brashi laini, ufungue. Isukume feni kwa kidole uone kama inazunguka, tazama kama kuna kapasita iliyovimba kichwa. Kapasita zikishavimba kwenye mazabodi, mimi huacha ubishi nikaanza kutafuta nyingine. Soma namba ya prosesa. Uliza diski ni ya sahani au ni SSD. Chora vijiti wiki moja. Usipopata hata vijiti vitatu, hakuna anayekudai mashine mpya ila tangazo.

Yangu ingali chini ya meza, na makala haya nimeyaandikia humo. Nimeshaijaribu Linux kutoka kwenye flashi kwa wiki sita. Kila kitu kimekubali isipokuwa skana ya zamani, ambayo nitampa mpwa wangu. Tarehe 13 Oktoba mwaka huu Windows inatoka. Betri ya elfu mbili bado inatunza saa, na saa inasoma sawasawa.